Hekima ya Mwenye Jembe

Yapata miaka 180 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mwalimu mmoja wa Yerusalemu aliyeitwa Yoshua bin Sira aliandika kwa Kiebrania kitabu cha mafunzo ya hekima, na katika sura yake ya 38 akatoa hukumu ambayo haijaacha kuwakera wasomaji mpaka hii leo. Hekima ya msomi, alisema, huja kwa kupata nafasi. Aliyepunguziwa shughuli ndiye atakayekuwa na hekima. Kisha akauliza ataipata wapi hekima mtu ashikaye plau, ambaye fahari yake ni fimbo ya kuswagia maksai na mazungumzo yake yote ni ya ndama. Nyuma ya mkulima akawapanga mchonga mihuri, mhunzi ambaye moto humla mwili, na mfinyanzi azungushaye gurudumu kwa miguu. Hakuwatukana watu hao. Alikiri kwamba bila ya wao mji haukaliki, na kwamba wao ndio waishikiliao dunia. Lakini barazani, alisema, hawaitwi, wala katika kiti cha hakimu hawakai.

Mjukuu wake, aliyefika Misri mwaka 132 kabla ya Isa na kukifasiri kitabu hicho kwa Kiyunani, alitanguliza dibaji ya kuwaomba radhi wasomaji, kwa kuwa yaliyosemwa kwa Kiebrania hayabaki na nguvu ile ile yakihamishiwa lugha nyingine. Kila mfasiri aliyekuja baada yake ana deni kwa dibaji ile. Ama hukumu ya babu juu ya mkulima, mjukuu aliipitisha kama alivyoikuta, wala hakuiombea radhi.

Nayo ni hukumu nzito kuliko inavyoonekana, kwani ndani yake mna swali lisilohusu wivu wa wasomi kwa wasiosoma. Linauliza iwapo hekima ni haki ya kila mwana wa Adamu au ni mali ya wenye nafasi. Ikiwa ni mali ya wenye nafasi, basi sehemu kubwa ya watu waliopata kuishi duniani wamezaliwa, wamelima na wamezikwa nje ya mlango wake.

Pa kulipimia swali hili ni pengi. Hapa litapimwa Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, kwa sababu mbili. Kwanza, Buha ni nchi ya jembe la mkono. Vilima vyake ni vya mihogo, mahindi, maharage na migomba, na watu wake, katika enzi ya Waingereza, walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga, ambako waliitwa manamba, kwani aliyeandikwa kazi alijulikana kwa namba yake kabla ya kujulikana kwa jina lake. Pili, nchi hiyo imekuwa makimbilio. Baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa makundi makubwa. Mwaka 1996 vita vya mashariki ya Kongo viliwaleta Wakongomani, wengi wao kutoka Kivu ya Kusini, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao wilayani Kasulu. Kambi ya Mtabila, wilayani humo humo, ilifungwa Desemba 2012. Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, na Nduta ya Kibondo, iliyokuwa imekwisha kufungwa, ikafunguliwa upya. Mtu akitaka kujua kama hekima yaweza kutafutwa bila ya nafasi, au hata bila ya nyumba, hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Na aliyeandika zaidi kuliko wote katika Wayahudi wa kale juu ya namna ya kuitafuta hekima, yeye naye aliandika habari za kukimbia. Huyo ni Philo wa Iskandaria, aliyezaliwa yapata miaka 20 kabla ya Isa na kufa katikati ya karne iliyofuata. Alikuwa Myahudi mshika Torati aliyefikiri na kuandika kwa Kiyunani, tena mtoto wa nyumba kubwa. Ndugu yake Alexander alikuwa na utajiri uliomwezesha kuitia milango ya Hekalu la Yerusalemu dhahabu na fedha. Miongoni mwa vitabu vya Philo kimo kimoja juu ya kuhama kwa Ibrahimu, na kingine juu ya kukimbia na kupata, ambamo aliichukua ile miji sita ya makimbilio itajwayo katika Torati akaifasiri kuwa ni daraja za nafsi inayomkimbilia Mungu.

Mahali pawili katika maandishi yake Philo ameorodhesha mambo ambayo mtafuta hekima hujizoeza nayo. Yamo kutafuta na kuchunguza, kusoma na kusikiliza, kuwa macho juu ya nafsi, kujitawala, na kutotikiswa na mambo ambayo kwa asili yake si mema wala si mabaya. Yamo pia kutafakari, kuyatibu matamanio, kuyakumbuka yaliyo mema na kutimiza wajibu. Mwanazuoni wa Kifaransa Pierre Hadot, aliyeishi kati ya 1922 na 2010, alizitumia orodha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuonyesha kwamba falsafa ya kale haikuwa mkusanyiko wa nadharia. Ilikuwa namna ya kuishi, na ilifanyiwa mazoezi ya kila siku, kama mtu anayejifunza kupiga ngoma au kuogelea.

Mazoezi hayo yaitweje kwa Kiswahili? Wayunani waliyaita askesis, neno ambalo hapo mwanzo lilikuwa la wanamichezo, la wakimbiaji na wapigana mieleka, kabla ya wanafalsafa kulichukua. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikipa kimojawapo cha vitabu vya Ihyaa jina la riadha ya nafsi. Riadha! Neno ambalo Mswahili wa leo hulisikia redioni siku za mashindano ya mbio ndilo neno lile lile. Kiyunani kililitoa neno kiwanjani kikalipeleka katika nafsi, na Kiswahili kimelirudisha kiwanjani. Basi riadha ya nafsi ndiyo itakayosemwa hapa, kwani hakuna lililo karibu zaidi na muradi wa Philo, aliyependa mno mifano ya mieleka.

Philo alisema njia za kuifikia hekima ni tatu, na kila moja ina mwenyewe katika mababu. Ibrahimu aliifikia kwa kufundishwa. Isaka aliifikia kwa maumbile, akawa mwenye kujifunza mwenyewe bila ya mwalimu; na wale ambao hawakupata kukaa sana darasani watavutwa kumpenda Isaka kuliko wengine, ila Philo anaonya kwamba hiyo ni zawadi ya Mungu, si jambo la kuigwa. Wa tatu ni Yakobo, ambaye Waislamu humwita Nabii Yaakub. Huyu Philo humpa sifa ya mwanariadha, mtu aliyeipata hekima kwa mazoezi, kwa kuanguka na kuinuka, na aliyetoka katika mieleka yake ya usiku akichechemea.

Lakini Yakobo alikuwa nani kwa kweli? Alikuwa mkimbizi. Alimkimbia nduguye aliyetaka kumwua, akalala njiani juu ya ardhi na jiwe likiwa mto wake wa kichwa. Kisha akawa mtu wa ujira katika nchi ya ugeni, akachunga mifugo ya mjomba wake Labani miaka 20, na kwa maneno yake mwenyewe ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Manamba wa Kasulu aliyekwenda Tanga angeifahamu hesabu hiyo bila ya mfasiri. Philo afikapo kwenye lile jiwe, anasifu. Anawaonyesha matajiri wa Iskandaria na magodoro yao laini, na kuwaambia kwamba mwanariadha wa hekima hulala hivi. Somo ni zuri, na huenda matajiri wale walilihitaji. Hata hivyo limelivuka jambo moja bila ya kuligusa. Yakobo hakulichagua jiwe kwa kuuchukia mto wa pamba. Alilala juu ya jiwe kwa sababu usiku ulimkuta akikimbia.

Hapa ndipo penye kiini cha swali. Riadha ni jambo la hiari. Mtu afungaye Ramadhani na mtu aliyekosa chakula wanaweza kuwa na tumbo tupu lile lile saa kumi ya alasiri, lakini hakuna mwenye akili atakayesema wanafanya jambo moja. Mwaka 2017 mgao wa chakula katika makambi ya Kigoma ulipunguzwa kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Kulikuwa na watu waliokula kidogo kuliko wafanyavyo baadhi ya walii wanaosifiwa vitabuni. Kuwaambia watu hao kwamba wanafundishwa kujitawala ni dhulma juu ya dhulma. Methali isemayo subira huvuta heri ni ya kweli kinywani mwa mwenye kusubiri. Kinywani mwa mwenye kumsubirisha mwenziwe, haina maana isipokuwa kunyamazisha.

Philo mwenyewe alikuwa na picha aipendayo ya maisha ya riadha, na wengi wamekisoma kitabu chake juu ya watu hao kuliko vyote alivyoviandika. Nje ya Iskandaria, karibu na ziwa Mareotis, waliishi Wayahudi, wanaume na wanawake, waliojiita kwa neno lenye maana mbili, watabibu na wafanyao ibada. Waliwaachia jamaa zao mali wakaondoka mjini. Kila mmoja alikuwa na chumba kitakatifu, hakuingia humo na chakula wala kinywaji, bali Torati, manabii na nyimbo tu. Waliomba alfajiri na magharibi, na katikati walisoma. Chakula hakikugusa midomo yao kabla ya jua kutua, na walipokula ilikuwa mkate, chumvi na hisopo. Siku ya saba walikusanyika, wanawake upande wao wa ukuta wenye kimo cha dhiraa tatu au nne ili wasikie bila ya kuonekana. Na katika sikukuu yao kubwa walikesha wakiimba, kwaya mbili zikawa moja, mpaka jua likawakuta wamesimama. Watumwa hawakuwa nao, kwani waliona utumwa ni kinyume cha maumbile; jambo ambalo katika zama zile si wengi waliolisema.

Ni picha nzuri, na anayeishi katika kelele za mji huisoma kwa kiu. Ila kuna mambo mawili ambayo mkulima wa Kibondo angeyauliza mara moja. La kwanza, walioacha mali walikuwa na mali ya kuacha. La pili, mkate ule ulilimwa na nani? Philo hasemi. Bonde la Nile lilijaa wakulima ambao hawakuwa na siku sita za kukaa chumbani. Kwa hiyo watu wa ziwani, kwa uzuri wao wote, hawamjibu Yoshua bin Sira. Wanamuunga mkono: hekima ni ya wenye nafasi, na wao waliinunua nafasi hiyo kwa bei kubwa.

Jibu, kama lipo, limo katika maisha ya Philo baada ya hapo. Mwaka 38 Miladia, liwali wa Kirumi Flaccus aliwaachia watu wa Iskandaria wawashambulie Wayahudi wa mji huo. Nyumba na maduka yao yaliporwa, na watu waliokuwa wakikaa mitaa mingi wakasukumwa wote ndani ya mtaa mmoja, wakafurika mpaka ufukweni na makaburini. Wazee 38 wa baraza lao walichapwa viboko katika ukumbi wa michezo mbele ya umma. Mji ambamo Philo aliandika juu ya mwenye hekima kuwa mgeni na mpitaji hapa duniani uligeuka kuwa mji ambamo watu wake ni wakimbizi ndani ya kuta zao wenyewe. Ni rahisi kusema dunia ni nyumba ya kupanga maadamu hati ya nyumba yako imo sandukuni.

Katika simulizi yake ya mwaka huo Philo ameweka jambo moja dogo linalofaa kuangaliwa kwa utulivu. Habari zilipokuja usiku kwamba Flaccus amekamatwa kwa amri ya Kaisari, Wayahudi walikesha wakiimba, na kulipokucha wakatoka kwa malango ya mji kwenda pwani iliyo karibu, wakasimama mahali pa wazi wakaomba, kwa kuwa nyumba zao za ibada walikuwa wamenyang'anywa. Mkesha, nyimbo, dua ya alfajiri: ni mambo yale yale ya watu wa ziwani. Lakini hapa hapana chumba kitakatifu wala ukuta wa dhiraa nne. Pana mchanga, na watu ambao hawajui watalala wapi.

Philo, kwa umri wake mkubwa, alichaguliwa kuongoza ujumbe kwenda Roma kumlalamikia Gaius Caligula. Kaisari aliwapokea akiwa anakagua majumba yake na bustani zake, nao wakawa wanamfuata mbio chumba hadi chumba, juu na chini, huku akitoa amri juu ya madirisha. Na alipogeuka aliwauliza kwa nini hawali nyama ya nguruwe, mahasimu wao wakaangua kicheko. Huo ndio uliokuwa mwisho wa nafasi ya Philo. Na katika kitabu chake kimoja juu ya sheria ameacha ukurasa ambao wataalamu wengi huuhusisha na miaka hiyo. Anasema palikuwa na wakati alipokuwa na faragha ya falsafa, akajiona kama aliyepandishwa juu akiziangalia nyota na dunia kwa mbali. Kisha husuda ikamvuta ikamtupa katika bahari ya shughuli za siasa, naye sasa anarushwa na mawimbi na kichwa hakitoki majini. Hata hivyo anashikilia. Mara moja moja hukiinua kichwa, akatazama kwa macho yaliyotiwa ukungu, na bahari ikitulia kwa muda mfupi asioutarajia, huufungua tena ule ukurasa wa Torati akachungulia ndani yake. Na anamshukuru Mungu kwamba hajazama kabisa.

Kati ya vitabu vyote vya Philo, ukurasa huo unastahili kuwekwa juu ya ziwa Mareotis na nyimbo zake. Wale wa ziwani walipanga siku yao ili riadha ipate mahali. Mzee huyu hana siku ya kupanga. Kilichobaki ni dakika aliyoiiba katika shughuli na mazoea aliyoyatia mwilini zamani, kama mvuvi ambaye mkono wake hulifunga fundo gizani. Wala hasemi kwamba mawimbi yamemfaa. Anayaita maovu, anaugua, na anaendelea kusoma.

Basi kuna tofauti kati ya nafasi na muda mtupu, na makambi ya Kigoma yameionyesha tofauti hiyo kuliko kitabu chochote. Mkimbizi wa Nyarugusu au Nduta hakukosa saa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimweka kambini. Kwa miaka mingi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 bila ya kibali, shamba hakuwa nalo, na ajira ilikuwa haba. Siku zake zilijaa foleni: foleni ya mgao, ya maji, ya zahanati, ya kuulizwa tena jina na mahali alipozaliwa. Yoshua bin Sira angesema huyu amepunguziwa shughuli. Lakini kungoja si faragha. Mwenye faragha ndiye mwenye saa zake; mwenye kungoja, saa zake zimo mkononi mwa mwingine. Ndiyo maana muda mwingi kiasi hicho haukuzaa wanafalsafa kwa maelfu, na haki haipo katika kuwashangaa watu kwa jambo hilo.

Pamoja na hayo, kilikuwapo kitu ambacho watu walikibeba wakati wa kuvuka mpaka, na hakikuwamo katika mizigo. Warundi wana wazee waitwao abashingantahe. Mmoja ni umushingantahe, yaani mwenye kuisimika intahe, na intahe ni fimbo ambayo mzee huigonga chini akitoa neno la hukumu. Burundi, cheo hicho hakikurithiwa. Mtu mwenye mji wake na mke wake aliangaliwa na majirani kwa miaka: anasema ukweli hata unapomgharimu? Anaweza kutunza siri? Akinywa, ulimi wake unabaki kuwa wake? Alikaa miaka kando ya wakubwa akisikiliza mashauri bila ya kuhukumu, na alipokubaliwa aliapishwa hadharani katika karamu aliyoiandaa mwenyewe, mkewe akiwa pamoja naye. Kisha akarudi shambani, kwani umushingantahe alikuwa mkulima kabla ya kiapo na alibaki mkulima baada yake.

Yakiwekwa kando ya orodha za Philo, mafanano yake yanashangaza: kusikiliza, kuwa macho juu ya nafsi, kujitawala, kukumbuka, kutimiza wajibu. Hii ni riadha ya nafsi kamili, yenye miaka yake ya mazoezi na mashahidi wake. Ila haikufanywa chumbani. Ilifanywa katika ugomvi wa watu juu ya mpaka wa shamba na mbuzi aliyekula mihogo, na aliyeifanya alikuwa na udongo katika kucha. Yoshua bin Sira alisema kwamba mshika plau hakai katika kiti cha hakimu. Katika nchi hizi za milima alikikalia kwa vizazi vingi. Hata ng'ambo ya pili ya mpaka, kwa Waha wa Heru na Muhambwe, chini ya Mwami alikuwapo mteko, mzee wa ardhi ambaye hakuwa wa ukoo wa watawala, aliyegawa mashamba na kuyafanyia matambiko, naye alilima kama walivyolima wale aliowagawia.

Katika makambi ya magharibi ya Tanzania wakimbizi wa Kirundi waliwasimamisha abashingantahe wao wenyewe. Waliamua kesi za madeni, za ndoa, za matusi kwenye bomba la maji. Pasiwe na kupamba: baraza hizo zilikuwa za wanaume zaidi, na mwanamke aliyepigwa mara nyingi alishauriwa arejee kwa mumewe kwa ajili ya amani, amani ambayo yeye ndiye aliyeilipia. Huko Burundi kwenyewe watawala waliomfuata mfalme walikwisha kuuharibu utaratibu huo kwa kuwateua wazee wao, hata Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ukalazimika kuandika kwamba urejeshewe heshima yake. Mazoezi ya hekima hayamkingi mtu na makosa ya zama zake. Watu wa ziwani nao walijenga ukuta.

Lakini jambo lililo kubwa ni kwamba walisikiliza. Mtu ambaye kila kitu chake kimeamuliwa na wengine, idadi ya vikombe vya unga wake na umbali wa kutembea kwake, alikaa juu ya gogo akajizuia kusema mpaka mwenziwe amalize. Ukimya huo haukugawiwa na shirika lolote. Alijizoeza nao zamani, au alimwona baba yake akijizoeza, na hapo kambini ulikuwa ndio mahali pekee ambapo hiari yake ilikuwa haijakatwa. Hapo, na si katika njaa yake, ndipo neno riadha linapomstahili. Anayetaka kumsifu amsifu kwa hilo. Njaa iachwe kuwa njaa, na aliyeisababisha aulizwe.

Wayahudi wenyewe hawakumwachia Yoshua bin Sira neno la mwisho. Marabi waliokuja baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70 walikuwa na mafundi wengi miongoni mwao, na Talmudi imehifadhi kisa ambacho kinaonekana kana kwamba kilitungwa makusudi ili kumjibu. Rabi Gamalieli, mkuu wa baraza la Yavne na mtu wa ukoo mtukufu, alimwaibisha Rabi Yoshua bin Hanania mbele ya wanafunzi, akamwacha amesimama kwa miguu yake huku yeye akiendelea kufundisha. Wanafunzi walichukizwa wakamvua Gamalieli ukuu. Alipojirudi akaenda nyumbani kwa Yoshua kumtaka radhi, akashangaa kuona kuta zimejaa masizi. Akamwambia kwamba kwa kuta hizi inaonekana wewe ni mchoma makaa. Yoshua akamjibu kuwa ole wao kizazi ambacho wewe ndiye nahodha wao, kwani huijui taabu ya wanazuoni, wanaishije na wanakula nini.

Gamalieli aliomba radhi, Yoshua hakumwitikia. Akaomba tena, kwa heshima ya baba yake, ndipo akasamehewa. Ikabaki kupeleka habari ya suluhu hiyo katika baraza la wanazuoni, na wakaulizana nani atakayekwenda. Aliyesema nitakwenda mimi alikuwa dobi.